MWAKA WA HUZUNI UNATUFUNDISHA NINI?

Ukurasa wa Walimu



Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Muumba wa uhai na mauti. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Wanafunzi wapendwa, wazazi wetu na ndugu wasomaji, kila mwaka ukurasa huu huwa ni wa hesabu. Tunahesabu waliohitimu Juzuu Amma, waliomaliza Safina na walioingia darasa la tajwidi, kisha tunamshukuru Mola wetu. Mwaka huu tulipokaa kuandika, orodha ya kwanza iliyotujia haikuwa ya waliohitimu. Ilikuwa ya waliotutoka.

Tulifungua chuo Mfunguo Mosi tukiwa na Maalim wetu mkubwa, yule aliyewafundisha wengi wetu alifu kwa kijiti. Mfunguo Tano tukamzika. Haukupita muda, mwalimu wa darasa la wasichana akafiwa na mama yake mzazi. Na kati ya Mfunguo Nane na Rajabu wanafunzi wetu watatu walifiwa, wawili na baba na mmoja na mama. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiuun. Kwa chuo kidogo kama chetu, ambacho watoto wote huenea kwenye majamvi manane, misiba hiyo si michache.

Wako waliotushauri tufunge mapema mwaka huu, watoto wapumzike na walimu wapumzike. Ushauri ulitoka kwenye nyoyo njema na tuliupokea kwa shukrani, lakini hatukuufuata. Rai yetu ambayo tunataka kuieleza hapa ni hii: msiba usifunge chuo. Na chuo nacho kisikae kusubiri habari za msiba. Kiufuate nyumbani kwa mwanafunzi. Nusu ya kwanza ya rai hii tumeisoma katika sira ya Mtume wetu (s.a.w.). Nusu ya pili tumejifunza kwa kosa letu wenyewe, nasi tutalieleza bila kulificha.

Mwaka wa Huzuni

Waandishi wengi wa sira wameuita mwaka wa 10 wa Utume, sawa na mwaka 619 hivi Miladia, kuwa ni Aamul Huzni, yaani Mwaka wa Huzuni. Bani Hashim na Bani Muttalib walikuwa wametoka tu katika kutengwa na Makureshi kwa muda wa miaka mitatu hivi katika bonde la Abu Talib. Hawakuuziwa chakula wala hawakuozwa, na njaa iliwafikisha kula majani ya miti. Walipotoka, hawakukaa sana akafariki Abu Talib, ami yake Mtume (s.a.w.) aliyemlea na kumkinga. Katika kipindi hicho hicho akafariki Bibi Khadija (r.a.), mkewe wa miaka ishirini na tano hivi, mtu wa kwanza kumwamini.

Tufikirie, ndugu wasomaji. Aliyekuwa akimkinga nje ya nyumba ameondoka, na aliyekuwa akimliwaza ndani ya nyumba ameondoka. Je, Mtume (s.a.w.) alifanya nini? Alihuzunika, kwani naye ni mwanadamu. Lakini kazi aliyopewa hakuiweka chini. Alitoka na Zayd bin Haritha (r.a.) kwenda Taif kuwalingania watu wa huko. Walimkataa, wakawachochea watoto na watumwa wampige mawe mpaka miguu yake ikatoka damu. Akiwa amejihifadhi katika bustani ya watoto wa Rabia, akaletewa zabibu na mtumwa wa Kikristo aliyeitwa Addas. Mtume (s.a.w.) akala kwa kutaja jina la Allah. Addas akastaajabu, wakazungumza juu ya mji wake wa Ninawa na juu ya Nabii Yunus (a.s.). Mtu aliyetoka kupigwa mawe muda mfupi uliopita alikuwa amekaa akimfundisha mtu mmoja.

Akiwa njiani kurudi, alisimama usiku kuswali mahali panapoitwa Nakhla. Waandishi wa sira wanasimulia kwamba hapo kundi la majini lilisikiliza kisomo chake, kisha likarudi kuwaonya wenzao. Kisa cha majini hao tunakisoma katika Suratul Ahqaf kuanzia aya ya 29. Mtume (s.a.w.) alikuwa amekataliwa na mji mzima, na usiku ule hakuona msikilizaji hata mmoja. Kumbe wasikilizaji walikuwapo.

Basi tuangalie mavuno. Katika msimu wa Hija wa mwaka uliofuata vijana sita wa Yathrib walimwamini. Mwaka wa 12 walikuja watu kumi na wawili, na walipoondoka Mtume (s.a.w.) hakuwapa askari wala mali. Aliwapa mwalimu, naye ni Mus'ab bin Umayr (r.a.), kijana aliyekuwa amelelewa katika anasa za Makka akaziacha kwa ajili ya dini. Alifikia kwa As'ad bin Zurara (r.a.) akaanza kusomesha Qur'ani. Mwaka mmoja baadaye walikuja watu zaidi ya sabini, na wawili kati yao walikuwa wanawake. Mji wa Madina ulifunguliwa kwa darasa la Qur'ani, na darasa hilo lilianza haijatimia miaka mitatu tangu Mwaka wa Huzuni.

Siku ya kufiwa ni siku ya kufundisha pia

Mwaka wa 10 Hijria Mtume (s.a.w.) alifiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto mchanga ambaye hakufikisha miaka miwili. Alilia mbele ya Masahaba zake, na mmoja wao alipoonesha kushangaa, alifahamisha kwamba machozi ni huruma. Jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhisha Mola. Siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa sababu ya kifo cha Ibrahim.

Lau angekuwa ni mtu mwingine, pengine angenyamaza. Maneno hayo yalikuwa ya kumfariji, na yalimtukuza mwanawe. Lakini Mtume (s.a.w.) aliswali na watu swala ya kupatwa jua, kisha akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Allah, wala havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Huyo ni baba aliyefiwa siku ile ile, na hakukubali watu warudi majumbani na ujinga, hata ujinga uliokuwa ukimsifu mwanawe.

Tuliikumbuka habari hii kwa mwalimu wetu wa darasa la wasichana. Alipofiwa na mama yake alikaa siku tatu, na siku ya nne tukamwona mlangoni, macho yamevimba. Tulimwambia arudi nyumbani. Akatujibu kwamba ana somo ambalo likikaa litapotea.

Somo lenyewe lilikuwa hili. Siku mama yake alipofariki, nyumba ilijaa wanawake, lakini aliyejua kumwosha maiti na kumkafini alikuwa bibi mmoja tu wa mtaani, mtu mzima sana, tena aliyelazimika kusubiriwa kwa saa nzima. Wengine wote waliishia kulia na kushika ndoo. Mwalimu akajiuliza, je, bibi huyu naye akiondoka, nani atamwosha yeye?

Basi siku ile aliwakalisha wasichana wakubwa akawasomesha mambo manne yanayowajibika kwa maiti Muislamu, ambayo kila aliyesoma Safina ameyapitia: kumwosha, kumkafini, kumsalia na kumzika. Kisha akatandika shuka juu ya mkeka akawaonesha kwa vitendo. Sanda ya mwanamume ni nguo tatu. Ya mwanamke ni tano: ya kiunoni, kanzu, mtandio, na shuka mbili za kumfunika mwili wote. Wasichana walikuwa wamehifadhi maneno hayo zamani kwa mtihani, lakini wengi wao siku hiyo ndiyo waliyoyaelewa. Mwalimu alilia mara mbili katikati ya somo na mara zote mbili akaendelea. Tangu siku hiyo wasichana sita wamekwenda kwa yule bibi kujifunza zaidi, na wawili wameshamsaidia kuosha. Hiyo ni fardhi kifaya iliyokuwa ikikaribia kupotea katika mtaa wetu, na iliamshwa na msiba.

Kosa letu

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ni zito kwetu kulisema.

Maalim wetu, Allah amrehemu, alikuwa na daftari lake la mahudhurio, daftari la kawaida la jalada gumu. Alipofariki tuliliweka kabatini. Tukaanza rejista mpya iliyopigwa mistari vizuri, jina upande mmoja na tarehe upande mwingine, aliyekuja alama ya tiki na asiyekuja alama ya kosa. Tulijiona tumepiga hatua. Tukaweka na kanuni kwamba asiyeonekana wiki tatu bila taarifa jina lake linakatwa, maana wapo watoto wengi wanaosubiri nafasi.

Mmoja wa waliokatwa alikuwa mtoto wa miaka minane. Baada ya mwezi na kitu akatokea, amechelewa, vumbi mpaka magotini. Tulimsimamisha nje ya mlango kwa kuchelewa, kama tunavyowafanyia wengine. Kesho yake akachelewa tena, akasimamishwa tena. Siku ya tatu tukamwita asome alipofikia kabla hajatoroka. Ndilo neno tulilolitumia, kutoroka.

Alikuwa amefikia Suratu Dhuha. Alianza vizuri, sauti yake nzuri kama kawaida. Alipofika aya ya sita akanyamaza. Tukadhani amesahau, nasi tukamtajia neno linalofuata, kama mwalimu anavyomtajia mwanafunzi. Neno lenyewe ni yatima.

Hakuwa amesahau. Mwenzake aliyekaa naye jamvi moja ndiye aliyetuambia kwamba baba wa mtoto huyu, aliyekuwa dereva wa bodaboda, alifariki kwa ajali, na maziko yalikuwa kijijini kwao. Baba ndiye aliyekuwa akimleta chuoni kila siku, maana nyumba yao iko ng'ambo ya barabara kuu. Mama yuko eda, miezi minne na siku kumi kama Allah (S.W.) alivyoamrisha katika Suratul Baqara aya ya 234, na hakuwa na mtu wa kumtuma kutupa habari. Mwishowe mtoto akaamua kuja peke yake kwa miguu. Kila siku alingoja barabarani mpaka apatikane mtu mzima wa kumvusha. Ndiyo sababu alichelewa. Na sisi tulikuwa tukimwadhibu kwa hilo.

Jioni ile tulilitoa daftari la Maalim kabatini. Lilikuwa na safu tatu. Ya kwanza jina, ya pili somo alilofikia mwanafunzi, ya tatu ameiandika juu yake neno moja: hali. Tulisoma safu hiyo kurasa nyingi. "Mama anaumwa." "Hana viatu, asiulizwe." "Baba safarini, anafanya kazi za nyumbani, aruhusiwe kuchelewa." "Anakuja na njaa." Wengine kati yetu tuliyakuta majina yetu wenyewe humo, na ndipo tukajua kwa nini siku fulani za utotoni mwetu Maalim alitupita bila kutuuliza kitu.

Sisi tulikuwa tumerithi chuo chake tukaiacha safu ya tatu.

Yatima katika Juzuu Amma

Ndugu wasomaji, tumekaa tukafikiri ni vipi tulighafilika na jambo tunalolisomesha kila siku. Katika Juzuu Amma, juzuu ya kwanza anayofundishwa mtoto, yatima ametajwa katika sura nne: Al-Maun, Ad-Dhuha, Al-Balad na Al-Fajr. Kabla mtoto hajajua kujumlisha na kutoa ameshafundishwa kwamba kumsukuma yatima ni dalili ya kuikadhibisha dini. Ikiwa mtoto amefundishwa hivyo, mwalimu aliyemfundisha ana udhuru gani?

Na tukumbuke elimu yenyewe imetufikia kupitia mikono ya nani. Watu wengi wa mwambao wetu tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi'i (r.a.). Imamu huyu alizaliwa Ghaza mwaka 150 Hijria, baba yake akafariki angali mdogo, mama yake akampeleka Makka. Imepokewa kutoka kwake kwamba mama hakuwa na cha kumlipa mwalimu, na mwalimu akaridhika kwamba kijana amshikie nafasi darasani kila anapoinuka. Aliihifadhi Qur'ani akiwa na miaka saba, na kwa kukosa karatasi aliandika masomo yake kwenye mifupa. Imamu Ahmad bin Hanbal na Imamu Bukhari nao walilelewa na mama zao baada ya kufiwa na baba. Lau mwalimu yule wa Makka angekuwa na rejista kama yetu, pengine jina la Shafi'i lingekatwa katika wiki ya tatu.

Tunaloliomba

Wazazi na walezi, tunajua kwamba msiba unapoingia nyumbani chuo ndicho kitu cha kwanza kuachwa. Ada haipo, wa kumleta mtoto hayupo, na tena tunaona huruma: mwache mtoto apumzike, moyo wake umejeruhika. Hatupingi huruma hiyo. Mtoto aliyefiwa apewe siku zake za kulia. Wala hatusemi kwamba kisomo kinaondoa huzuni. Maalim wetu alituambia mara nyingi kwamba huzuni haiondoki, ila mtu anakua mpaka anaweza kuibeba. Lakini mtoto akiachwa nyumbani miezi, anakuwa amefiwa mara mbili. Amempoteza mzazi, kisha amepoteza wenzake, mwalimu wake na nafasi yake kwenye jamvi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. La kwanza, mtupe habari, hata kwa kumtuma mtoto wa jirani. La pili, mtoto akihamishiwa kwa ami au kwa khalati, mwulizieni chuo kabla ya kumwulizia kitanda. La tatu ni juu ya mali. Hatuingii hapa katika mjadala wa hitima na arobaini, kwani umeshazungumzwa sana na masheikh wetu. Tunasema tu kwamba pesa alizoacha marehemu zina wenyewe, na katika wenyewe kuna watoto. Suratu Nnisaa aya ya 10 imetoa onyo kali kwa wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma. Jaafar bin Abi Talib (r.a.) alipouawa shahidi huko Mu'ta mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliagiza watu wawapikie familia yake. Jirani ndiye anayempelekea mfiwa chakula. Si haki mgeni ale biriani, na baada ya mwezi mtoto wa marehemu akose pesa ya juzuu.

Na sisi walimu hatukujitoa. Katika kikao cha wazazi cha mwezi wa Rajabu tulikubaliana kwamba mwanafunzi aliyefiwa na mlezi wake hatadaiwa ada mpaka mwaka uishe. Asipoonekana mtoto siku tatu, mwalimu mmoja atakwenda nyumbani, na kama mama yuko eda atakwenda mwalimu wa kike. Wanafunzi wakubwa wanaotoka ng'ambo ya barabara watavuka pamoja na wadogo, kwenda na kurudi. Na rejista yetu imerudishiwa safu ya tatu.

Nanyi wanafunzi wapendwa, mna sehemu yenu. Mwalimu haoni yote. Aliyetuambia habari za mwenzake alikuwa mtoto wa miaka tisa. Kusema hali ya mwenzako kwa mwalimu ili asaidiwe si kusengenya, ni amana. Na ukimwona mwenzako amerudi kutoka msibani, msogezee jamvi, mkumbushe masomo yaliyompita, wala usimwulize maswali mengi.

Yule mtoto wetu hivi sasa anasoma Suratul Fajr. Wiki iliyopita alifika aya ya 17, ambayo ndani yake wanakemewa wasiomkirimu yatima. Safari hii hakunyamaza. Aliisoma mpaka mwisho wa aya, akavuta pumzi, akaendelea na inayofuata. Sisi walimu ndio tulioinamisha vichwa.

Mwaka huu, basi, hatuufungi kwa hasara. Tumempoteza Maalim, lakini tumelisoma daftari lake. Tumewazika wazazi, na tumepata wasichana wanaojua kukafini. Tumekosea, na tumejua tulipokosea.

Ewe Mola wetu, warehemu waliotutangulia, yafanye makaburi yao kuwa ni viwanja katika viwanja vya Pepo, wape subira waliobaki, na utujaalie tuwe ni wenye kuisoma elimu, kuifanyia kazi na kuwafikishia wengine. Amin.

Wabillahi tawfiq.